Njia Iliyofungwa: Riwaya ya Distopia na Kurudi Mjini kwa Watu wa Kitale na Bungoma

Utangulizi

Kusudi la makala haya ni kueleza jambo moja lililojitokeza baada ya janga la korona, nalo ni jinsi riwaya za Kiswahili zinazochora jamii iliyoharibika zilivyoanza kusomeka kwa namna nyingine pale watu waliokuwa wamejitenga walipoanza kurudi jijini. Tutachukua mfano wa watu wa Kitale na Bungoma, katika magharibi ya Kenya, kwa sababu mbili. Kwanza, hao ni watu ambao maisha yao yamegawanyika kwa muda mrefu kati ya shamba na jiji la Nairobi, hata ikawa vigumu kusema ni wapi hasa wanakoishi. Pili, ni katika sehemu hizo alikozaliwa na kukulia marehemu Ken Walibora, mwandishi ambaye kazi zake, na hata kifo chake, vinaligusa suala letu kwa karibu mno.

Hoja tunayoitetea ni hii. Katika riwaya za Ulaya za aina hiyo, hofu kuu huwa ni mtu kubaki peke yake duniani, au kufuatwa na jicho la dola hata ndani ya chumba chake. Katika riwaya ya Kiswahili hofu kuu ni njia kufungwa: mtu kuzuiwa asifike kwao, au kuzuiwa asitoke aliko ili akatafute riziki. Tofauti hiyo haikutokana na ubunifu wa wasanii peke yake. Imetokana na historia, na janga la mwaka 2020 liliifufua historia hiyo mbele ya macho ya wasomaji ambao wengi wao walikuwa wakiisoma tu vitabuni.

Kuhusu istilahi

Neno utopia lilibuniwa na Thomas More mwaka 1516 kutokana na Kigiriki, na maana yake ya asili ni mahali pasipokuwapo. Karne tatu na nusu baadaye, mwaka 1868, John Stuart Mill alilitumia neno la kinyume chake katika Bunge la Uingereza, akiwakusudia watu ambao mipango yao ilikuwa mibaya kiasi cha kutotekelezeka. Wahakiki wetu wamelichukua neno hilo na kulitohoa, wakapata distopia, nasi tutalitumia hivyo hivyo kwa kuwa limekwisha kuzoeleka.

Hata hivyo, Kiswahili kina neno la kale ambalo, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, linaifafanua hali hiyo vizuri zaidi. Neno lenyewe ni jinamizi. Mtu anayekabwa na jinamizi hayuko katika nchi ya ugeni. Yumo kitandani mwake, katika chumba anachokijua, na pengine anawasikia hata watu wa nyumbani wakizungumza sebuleni. Lakini hawezi kuinua mkono wala kuita. Kila kitu kiko mahali pake isipokuwa uwezo wake wa kwenda. Msomaji akiichukua picha hii kuwa ndiyo kiini cha distopia ya Kiswahili, ataona mara moja kwa nini miji iliyohamwa na mashine zinazotawala watu si mambo yanayotawala sana katika riwaya zetu, na kwa nini vizuizi, mipaka, magereza na safari zisizofika ni mambo yanayojirudia kila mara.

Mfano mzuri ni Walenisi (1995) ya Katama Mkangi. Mkangi alikuwa mhadhiri wa elimu ya jamii katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na alitiwa kizuizini mwaka 1986 pamoja na wahadhiri wengine. Katika riwaya hiyo, mhusika mkuu, Dzombo, ni mtu aliyehukumiwa, akarushwa angani ndani ya chombo ili aangamie, naye badala ya kufa akafika katika nchi ya haki. Jina la nchi hiyo likikatwa vipande linasomeka waziwazi: wale ni sisi. Kwa hiyo hata utopia ya Mkangi haikuwa mahali pasipokuwapo. Ni mahali petu wenyewe ambapo njia ya kupafikia imezibwa, na mtu hapati kupita mpaka ahukumiwe kwanza.

Ni haki kukumbusha pia kwamba msomaji wa Kiswahili hakuingia katika utanzu huu kupitia waandishi wake tu. Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya kitabu cha George Orwell, ilichapishwa mwaka 1967, wakati uhuru wa nchi zetu ulikuwa bado mchanga. Kitabu hicho kinaeleweka upesi na kila mtu aliyepata kuishi katika shamba la walowezi, na eneo la Kitale lilikuwa na mashamba ya namna hiyo mengi.

Jiji linalofungwa

Nairobi ilianza mwaka 1899 ikiwa kambi ya reli. Tangu mwanzo wake, serikali iliyoutawala mji huo ilijichukulia uwezo wa kuamua nani aingie, akae kwa muda gani, na atoke lini. Tauni ilipozuka katika soko la Wahindi mnamo mwaka 1902, wakuu wa wakati huo waliamuru soko zima litiwe moto. Kisha kikaja kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa kwa ukali baada ya Vita Kuu ya Kwanza; kila Mwafrika mwanamume aliyefika umri wa kufanya kazi alilazimika kuchukua hati iliyoonyesha jina lake, alama za vidole vyake, na habari za mwajiri wake. Mtu aliyetoka Bungoma kwenda Nairobi hakwenda kama raia anayetembelea mji mkuu wa nchi yake. Alikwenda kama mkono wa kazi ulioazimwa.

Halafu ikaja tarehe 24 Aprili 1954. Siku hiyo, katika kipindi cha Hali ya Hatari, majeshi ya Waingereza yaliuzingira mji wa Nairobi wote, yakazifunga njia zake, na kuanza kuwachuja wakazi wake mtaa kwa mtaa. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walichukuliwa wakapelekwa katika kambi za vizuizi. Watu wa makabila mengine, wakiwemo waliotoka magharibi, waliachwa, lakini nao waliyaona yaliyotendeka na wakarudi kwao wakiwa na habari za kusimulia.

Inafaa kukaa kidogo juu ya habari hizo na njia zilizopitia. Reli ya kwenda Uganda ilipita Bungoma, na tawi lake la Kitale lilikamilika mwaka 1926, hasa kwa ajili ya kubeba mahindi ya walowezi wa Trans Nzoia. Reli hiyo iliyobeba mahindi ilibeba na watu. Katika mashamba hayo walikusanyika Wabukusu, Wanandi, Wapokoti, Wasabaoti, Waturkana na wengine, na lugha iliyowaunganisha ni Kiswahili. Baadhi ya wageni wa pwani hushangaa kwamba mwandishi mmojawapo maarufu wa Kiswahili sanifu alitoka bara, karibu na Mlima Elgon. Hakuna cha kushangaza. Kiswahili cha Kitale ni lugha ya watu waliokutanishwa na kazi mbali na kwao, na lugha ya namna hiyo ina sababu zake za kupenda hadithi za safari.

Kwa hiyo, serikali ya Kenya ilipotangaza tarehe 6 Aprili 2020 kwamba hakuna mtu atakayeruhusiwa kuingia wala kutoka katika eneo la Nairobi na viunga vyake, jiji halikuwa likifungwa kwa mara ya kwanza. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alikuwa ametangazwa tarehe 13 Machi, na kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ilianza tarehe 27 mwezi huo. Hatutaki kusema kwamba hatua za mwaka 2020 zilikuwa sawa na zile za 1954. Za kwanza zilikuwa za kuwatenga watu na ugonjwa. Za pili zilikuwa za kuwavunja watu. Lakini kizuizi kinachowekwa barabarani hakitofautiani sana kwa umbo, na mtu anayesimamishwa na askari mwenye bunduki haangalii kwanza shabaha ya sheria.

Kwa wakazi wa Mlima Elgon, katika Kaunti ya Bungoma, kumbukumbu ilikuwa ya karibu zaidi. Mapigano ya ardhi ya miaka ya 2006 hadi 2008, na operesheni ya jeshi iliyoanza Machi 2008, yaliwafanya watu wengi kukimbilia miji ya Kimilili na Bungoma. Hao hawakuhitaji riwaya kuwaeleza maana ya kuogopa jioni inapoingia.

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kaunti ya Bungoma ilikuwa na watu 1,670,570, Trans Nzoia 990,341, na Nairobi 4,397,073. Tarakimu hizi zinamhesabu kila mtu pale alipolala usiku wa hesabu. Hazielezi ni wangapi waliolala Kangemi au Kawangware huku wakijihesabu wenyewe kuwa watu wa Webuye, Kiminini au Chwele. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipofungwa mwaka 2009, wengi waliopoteza kazi hawakuwa na pengine pa kwenda ila jijini. Kuifunga Nairobi ilikuwa ni kuyakata maisha ya watu hao katikati, mshahara upande mmoja na jamaa upande wa pili.

Mtu wa mwisho na mtu wa njiani

Tuitazame sasa tofauti tuliyoitaja mwanzoni. Mary Shelley alichapisha The Last Man mwaka 1826. Ni riwaya ya tauni inayoumaliza ulimwengu mpaka anabaki mtu mmoja tu, akiwa Roma. Tangu hapo mtu wa mwisho amekuwa mhusika wa kawaida katika fasihi ya Ulaya na Marekani, na katika filamu zao. Upweke wake unatisha, lakini pia una utukufu fulani. Ulimwengu wote umekuwa mali yake. Wakati wa karantini, wasomaji wengi ulimwenguni walivirudia vitabu vya aina hiyo, pamoja na La Peste (1947) ya Albert Camus.

La Peste inatuhusu zaidi, kwani mandhari yake ni Oran, mji wa Algeria, katika bara letu. Malango ya mji yanafungwa, waliomo wanatenganishwa na wapenzi wao walioko nje, na mwishoni malango yanafunguliwa, garimoshi linaingia, watu wanakumbatiana kituoni. Hapa, kweli, Camus amelishika jambo tunalolizungumzia. Lakini wahakiki wamekwisha kuonyesha kasoro moja kubwa: katika mji huo wa Kiafrika, Waarabu, ambao ndio wenyeji, hawana majina wala sauti. Tunapata habari za waliofungiwa ndani na kuwangoja walio nje. Wenyeji walioishi humo humo hawasimulii chochote.

Riwaya ya Kiswahili, kwa jumla, inasimuliwa na yule ambaye Camus alimsahau. Katika Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wadi Wamitila, mhusika mkuu anatoka katika kijiji kilichopatwa na ukiwa ili atafute chanzo cha maafa hayo, na utafutaji huo unamzungusha mabara mengi. Katika Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed, mzimu wa babu unamjia mkubwa mmoja wa serikali na kumtembeza katika nchi anayoitawala bila kuiona. Katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, msimulizi hupita katika nchi zilizokufa akiutafuta ukweli. Wote hao ni watu wa njiani. Hakuna hata mmoja anayekaa juu ya magofu na kujiona mfalme. Akibaki peke yake, upweke huo hausomwi kama uhuru. Unasomwa kama ugonjwa wenyewe. Msemo wetu kwamba mtu ni watu hutajwa mara nyingi mno katika hotuba, hata umechakaa, lakini katika fani ya riwaya bado unafanya kazi yake: mtu asiye na watu hana hadithi, na mwandishi humtia mguu njiani haraka.

Ken Walibora na Barabara ya Landhies

Ken Walibora alizaliwa Bungoma na kukulia Trans Nzoia. Alijulikana kwa wengi kama mtangazaji, na kwa wanafunzi kama mwandishi wa Siku Njema (1996) na Kidagaa Kimemwozea (2012), vitabu ambavyo vimesomwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi wa sekondari. Wachache zaidi wanajua kwamba, akiwa msomi, alishughulikia hasa maandishi ya wafungwa. Alihakiki Sauti ya Dhiki, diwani ambayo Abdilatif Abdalla aliitunga akiwa gerezani kati ya miaka 1969 na 1972, na ikachapishwa mwaka 1973. Mwaka 2013 alitoa kitabu kizima kuhusu masimulizi ya gerezani katika Afrika. Kwa hiyo, kama kulikuwa na mtu aliyekuwa amejiandaa kueleza karantini inamfanya nini mtunzi, alikuwa yeye.

Siku Njema ni riwaya ya safari, wala haihesabiwi kuwa ya distopia. Hata hivyo inafaa kusomwa sambamba na zile tulizozitaja, kwa sababu ya mwelekeo wake. Kijana Kongowea Mswahili anatoka Tanga na kuja Kenya kumtafuta baba yake, na mwisho wa safari ni Kitale. Tuzingatie jambo hilo. Katika riwaya nyingi za miaka ya nyuma, kijana hutoka shamba kwenda jijini, jiji likamharibu, akarudi au akafa. Walibora aliigeuza ramani. Jiji kubwa si kikomo cha hadithi. Nuru iko katika mji mdogo wa mahindi, ambao hata jina lake huenda lilikuwa geni kwa wasomaji wa Tanga. Kisha katika Kufa Kuzikana (2003) aliionyesha upande wa pili: urafiki wa vijana wawili unaojaribiwa na chuki ya kikabila, na nchi ambamo mtu akitajwa kwa jina la kabila lake njia hujifunga yenyewe.

Tarehe 10 Aprili 2020, siku nne baada ya jiji kufungwa, Walibora aligongwa na matatu katika Barabara ya Landhies, jijini Nairobi. Habari za kifo chake zilitangazwa tarehe 15, baada ya jamaa na marafiki kumtafuta kwa siku kadhaa. Barabara hiyo inapita karibu na kituo kikuu cha mabasi ya kwenda mashambani, ambacho wakazi wa jiji hukiita Country Bus. Katika juma hilo, mabasi ya kwenda Kitale na Bungoma yalikuwa hayaruhusiwi kutoka. Mwili wake uliruhusiwa. Alizikwa Trans Nzoia mwezi huo huo, wakati kanuni ziliagiza waombolezaji wasizidi watu 15.

Hatutaki kulifanya tukio hilo kuwa ishara. Lilikuwa kifo cha mtu, na jamaa zake wanakijua kwa namna ambayo sisi hatukijui. Lakini msomaji yeyote wa Siku Njema aliyezisikia habari hizo hawezi kukisoma kitabu hicho tena bila kuona kwamba njia ya Kitale, ambayo kijana wa riwaya aliimaliza kwa taabu lakini akaimaliza, ilikuwa imefungwa kwa mwandishi wake isipokuwa ndani ya jeneza.

Kurudi

Jiji lilifunguliwa tarehe 7 Julai 2020, likafungwa tena, pamoja na kaunti za Kajiado, Kiambu, Machakos na Nakuru, kuanzia mwishoni mwa Machi 2021 hadi tarehe 1 Mei mwaka huo. Kafyu yenyewe haikuondolewa mpaka tarehe 20 Oktoba 2021. Kwa hiyo kurudi hakukuwa tendo la siku moja kama lile la kituo cha garimoshi cha Oran. Kulikuwa ni kurudi kwa vipande, kwa kujaribu, na kwa kurudishwa nyuma.

Matatu ya viti 14 iliamriwa ichukue abiria 8 tu, na hali hiyo iliendelea hadi Agosti 2021. Nauli ilipanda. Mtu aliyekuwa amezoea kubanwa kati ya magunia na watoto wa wenyewe alijikuta ana nafasi ya kunyoosha miguu, nayo nafasi hiyo ilimtia wasiwasi. Hapa ndipo tunapoona jinsi hofu za fasihi zinavyotofautiana. Riwaya za Ulaya zilikuwa zimewaandaa wasomaji wake kuuogopa msongamano wa watu baada ya karantini, na waandishi wengi wa huko walieleza jinsi walivyoshtuka kuona tena umati. Kwa mtu wa Kitale aliyerudi Nairobi, kiti kitupu ndicho kilichokuwa dalili ya ugonjwa. Siku matatu ilipojaa tena, watu walilalamika kama kawaida yao, na malalamiko hayo yalikuwa ni afya.

Jambo la pili lililovunjika ni ile ramani ya zamani ya shamba safi na mji mchafu. Katika miezi ya kwanza ramani hiyo ilionekana kuthibitishwa: ugonjwa uliingia kwa ndege, ukakaa Nairobi na Mombasa, na wazee wa vijijini waliwasihi vijana wao wasije na kuwaletea. Kijana aliyefika Bungoma kwa kupenya vizuizi usiku alipokewa kwa hofu. Nyumbani kwake kulikuwa na lango, naye alikuwa upande usiofaa wa lango hilo. Lakini Juni 2021 ramani ilipinduka. Serikali ilizitangaza kaunti 13 za magharibi na za ukanda wa Ziwa, zikiwemo Bungoma na Trans Nzoia, kuwa eneo la maambukizi makubwa, ikaweka humo kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri kuanzia tarehe 18, na watu wakashauriwa sana wasisafiri kuingia wala kutoka. Jiji sasa likawa ndilo linalowaogopa watu wa shamba.

Mwalimu wa fasihi anayefundisha Bina-Adamu! baada ya tukio hilo ana jambo la kueleza ambalo mwaka 2002 lilikuwa nadharia tu. Wamitila aliuchora ulimwengu kuwa kijiji kimoja ambamo mwanakijiji maskini hana kauli. Wahakiki tuliisoma riwaya hiyo kama tahadhari juu ya utandawazi wa biashara na utamaduni. Mwaka 2021 ilisomeka kama maelezo ya wazi ya jinsi ukiwa wa kijiji kimoja unavyoweza kuanzia mahali ambapo mwanakijiji hajapata hata kupasikia, ukamfikia kupitia jijini, ukarudi jijini kupitia kwake.

Wanafunzi wa kidato cha nne walirudishwa shuleni tarehe 12 Oktoba 2020, wakafanya mtihani wao wa mwisho mnamo Machi na Aprili 2021. Riwaya waliyotahiniwa ilikuwa Chozi la Heri ya Assumpta Matei, inayohusu watu waliofukuzwa makwao na vurugu za baada ya uchaguzi. Katika Trans Nzoia, ambako vurugu za mwisho wa mwaka 2007 na mwanzo wa 2008 ziliacha watu wengi bila makao, kitabu hicho kilikuwa tayari kizito. Wanafunzi hao walikuwa watoto wachanga au wa chekechea wakati wa vurugu zile. Kuondolewa makwao walikuwa wamekusikia kwa wazazi. Baada ya miezi saba ya kukaa nyumbani, wengine wakiwa mbali na mzazi aliyekwama Nairobi, walikuwa na cha kwao cha kulinganisha. Ingefaa watungaji wa maswali ya mitihani walitambue hilo, badala ya kuendelea kuwauliza wanafunzi wataje sifa tano za mhusika.

Hadithi ambayo haikusimuliwa

Tumezungumza kana kwamba distopia ni utanzu wa maandishi pekee. Wabukusu wanayo fasihi simulizi inayoshughulikia mambo hayo hayo kwa njia yao. Yupo katika kumbukumbu zao Mutonyi wa Nabukelembe, mtabiri anayesemekana kuwa alitangaza kuja kwa wageni na utawala wao. Yupo Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, ambaye wakoloni walimtia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathare, na baadaye wakamfukuzia Lamu, mbali na watu waliomsikiliza. Kutengwa, kwa hakika, kulikuwa jibu la dola kwa mtu mwenye maono tangu zamani.

Lakini muhimu zaidi ni kumuse. Anapofariki mzee mwenye heshima, baada ya maziko huitwa mtu wa ukoo maalumu, ajulikanaye kama omuswale, akaswali kumuse. Jina hilo lisimchanganye msomaji na sala ya Kiislamu. Huenda huku na huko mbele ya umati, akiisimulia historia ya taifa tangu asili yake, akiwakumbusha watu makosa yao, akiwaonya juu ya siku zijazo. Hakatizwi na mtu. Umati ndio unaoipa hotuba hiyo uzito: ni lazima wawepo wa karibu na wa mbali, wakiwemo waliotoka jijini, kwa sababu nao hutajwa na kuonywa, pengine wao kuliko wengine.

Kanuni za mwaka 2020 ziliagiza maziko yafanywe upesi na kwa watu 15. Watu 15 hawatoshi kwa kumuse. Mwaka huo ulikuwa pia mwaka wa shufwa, ambao kwa desturi ya Wabukusu ni mwaka wa tohara, na mwezi wenyewe wa Agosti ulifuata majuma machache tu baada ya njia za Nairobi kufunguliwa. Watafiti wa fasihi simulizi katika vyuo vya magharibi ya Kenya wangefanya vema kuwahoji baswale walio hai, si juu ya matini za zamani tu kama tulivyozoea, bali juu ya wazee waliozikwa kati ya Aprili 2020 na Oktoba 2021 bila kuswaliwa. Je, hotuba hizo zilisemwa baadaye? Ziliahirishwa? Na kama zilisemwa, omuswale aliwaambia nini waliokuwa wamezuiwa barabarani wasifike siku ya maziko, walipofika hatimaye wakasimama mbele yake?